Soko la umeme likivuka mpaka, mdhibiti avuke nalo au abaki nyumbani?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Mijadala ya kufungua soko la umeme ina tabia ya kugeuka, kabla haijafika mbali, kuwa mijadala ya kuuza shirika la umeme, na hapo kila mtu hukimbilia kambi yake. Naomba katika uzi huu mambo hayo mawili tuyatenganishe tangu mwanzo. Norwe ilifungua soko lake kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1991, na hadi leo sehemu kubwa ya mabwawa yake inamilikiwa na serikali kuu, mikoa na halmashauri. Uganda ilikodisha usambazaji kwa kampuni binafsi kwa miaka 20, kuanzia Machi 2005 hadi Machi 2025, lakini muda wote huo umeme wa gridi ulipitia kwa mnunuzi mmoja wa jumla ambaye ni kampuni ya serikali, hivyo mwenye kiwanda hakuwa na mwuzaji wa pili wa kumwendea. Norwe imepata soko bila kuuza mabwawa yake, na Uganda ilimpata mwekezaji bila kupata soko.

Hoja ninayoileta inahusu mipaka. Nchi mbili, tatu au kumi na mbili zikikubaliana kuuziana umeme, soko lao linakuwa kubwa kuliko mamlaka ya mdhibiti yeyote kati yao. Naamini kwamba sehemu kubwa ya matatizo yaliyoyakumba masoko ya aina hii yametokea katika pengo hilo hilo, pale soko lilipofika na mdhibiti hakufika. Nitaeleza kwa nini naamini hivyo, kisha wenye hoja tofauti wanipinge.

Kwanza niweke msingi. Umeme huzalishwa, husafirishwa kwa msongo mkubwa, husambazwa, kisha huuzwa kwa mtumiaji. Katika hatua ya kwanza na ya mwisho ushindani unawezekana, kwa sababu wazalishaji wanaweza kuwa wengi na wauzaji pia. Katika hatua mbili za katikati hauwezekani, kwani hakuna mwenye akili timamu atakayejenga laini ya pili ya kilovoti 400 sambamba na ile ya kwanza ili tu ashindane nayo. Kwa hiyo kufungua soko maana yake halisi ni kumlazimisha mwenye nyaya abebe umeme wa kila mtu kwa ada iliyotangazwa, pamoja na kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe si mshindani wa wale anaowabebea. Ndiyo maana wanaosema soko huria linapunguza udhibiti huwa wananishangaza. Uingereza ilipoligawa shirika lake la uzalishaji na usafirishaji mwaka 1990, ilibidi ianzishe ofisi mpya ya mdhibiti, na haikupita miaka mingi mdhibiti huyo akawa anawabana wazalishaji wawili wakubwa, National Power na PowerGen, wauze baadhi ya mitambo yao kwa sababu walikuwa na uwezo wa kupanga bei karibu wanavyotaka.

Sasa tuangalie saa moja tu ya mnada, kwa namba za kubuni, ili tuone pesa inavyotembea mpakani. Tuseme nchi ya kwanza inahitaji megawati 1,000 kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Ina megawati 500 za maji zinazouzwa kwa dola 20 kwa megawati-saa, megawati 400 za gesi kwa dola 60, na mitambo ya dizeli kwa dola 200. Mnada huanza kuchukua umeme wa bei nafuu na kupanda, na bei ya mtambo wa mwisho kuhitajika ndiyo hulipwa kwa wote. Maji na gesi vinatoa 900, dizeli inajazia 100, na bei ya saa hiyo inakuwa dola 200.

Nchi jirani ina umeme mwingi wa ziada kwa dola 30, na laini iliyopo mpakani inabeba megawati 80. Umeme huo ukiingia, dizeli bado inahitajika kwa megawati 20, kwa hiyo bei ya nchi ya kwanza inabaki dola 200 ilhali ng'ambo ni dola 30. Ile tofauti ya dola 170, mara megawati 80, ni dola 13,600 kwa saa moja, na fedha hizo huingia mfukoni mwa mwenye haki ya kuitumia laini, ambaye hapa tumchukulie kuwa ni mwenye laini mwenyewe. Sasa iongeze laini ibebe megawati 120. Dizeli inazimwa, gesi ndiyo inapanga bei, na bei inashuka hadi dola 60. Wanunuzi wa nchi ya kwanza waliokuwa wakilipa dola 200,000 kwa saa sasa wanalipa dola 60,000. Na mwenye laini? Tofauti ya bei imekuwa dola 30, mara 120, yaani dola 3,600. Umeipanua laini yake na kumkata dola 10,000 kila saa.

Tafadhali lisomeni hesabu hilo mara mbili. Faida ya umma ya dola 140,000 kwa saa inategemea uamuzi wa mtu ambaye uamuzi huo unamtia hasara, na mara nyingi nusu ya laini yake iko upande mmoja wa mpaka na nusu upande mwingine. Umoja wa Ulaya umeliona hilo na kuweka sharti kwamba mapato yatokanayo na msongamano wa mpakani, yaani ile tofauti ya bei, yatumike kwanza kulinda na kuongeza uwezo wa laini, na kinachobaki kiingie katika hesabu za kupunguza ada za mtandao. Sharti la namna hiyo haliwezi kuwekwa na mdhibiti wa nchi moja pekee.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umeeleza vizuri, lakini mfano wako ni wa karatasi. Tupe mahali ambapo pengo hilo la mamlaka lilileta madhara ya kweli, kwa sababu mimi naona masoko mengi yameharibiwa na sheria mbovu za ndani, si na mipaka.

Mleta mada

Mkuu, nakubali kwamba sheria mbovu za ndani zina sehemu yake, na mfano wa kwanza nitakaoutoa una vyote viwili. California ilipitisha sheria yake mwaka 1996 na kufungua soko mwaka 1998. Kampuni kubwa za usambazaji zilisukumwa kuuza mitambo yao mingi ya gesi, zikatakiwa kununua umeme kwenye soko la siku kwa siku badala ya kuingia mikataba ya muda mrefu, na wakati huo huo bei ya mtumiaji wa mwisho ikagandishwa. Mwaka 2000 mvua zikapungua katika mabwawa ya kaskazini-magharibi, gesi ikapanda bei, na kampuni hizo zikajikuta zinanunua ghali na kuuza rahisi kwa amri ya sheria. PG&E, mojawapo ya kampuni hizo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Aprili 2001.

Hadi hapo ni kosa la ndani. Lakini tazama kilichofuata. California iliweka ukomo wa bei ya jumla katika soko lake, na majimbo jirani hayakuwa na ukomo huo. Umeme ulioingia kutoka nje, kwa kuwa ulihitajika mno, uliweza kulipwa juu ya ukomo. Wafanyabiashara wa Enron, kampuni ya biashara ya nishati, wakabuni mbinu waliyoiita "Ricochet": wananunua umeme ndani ya California kwa bei yenye ukomo, wanauandikisha kuwa umeuzwa nje ya jimbo, kisha wanaurudisha ukiwa na jina jipya la umeme wa kutoka nje na kuuuza kwa bei isiyo na ukomo. Ulikuwa ulanguzi wa wazi, uliofanyika bila umeme wenyewe kulazimika kusafiri popote, kwa kuhamisha maandishi kuvuka mstari ambao mdhibiti mmoja alikuwa na nguvu upande mmoja tu. Vurugu ilianza kutulia baada ya mdhibiti wa serikali kuu ya Marekani, FERC, kueneza ukomo wa bei katika eneo zima la magharibi mwezi Juni 2001. Kulikuwa na sababu nyingine, zikiwemo kushuka kwa bei ya gesi, mikataba ya muda mrefu ya jimbo na watu kupunguza matumizi, na sitaki kuzidharau. Ila mlango ule wa ulanguzi ulifungwa siku mamlaka ya udhibiti yalipoenea eneo lote la soko.

Mfano wa pili hauna matapeli. Sweden ilikuwa na bei moja ya umeme kwa nchi nzima, ilhali umeme mwingi huzalishwa kaskazini na kutumiwa kusini. Laini za ndani zilipojaa, mwendeshaji wa gridi ya taifa hiyo, Svenska kraftnät, alipunguza uwezo wa laini za kwenda Denmark ili umeme ubaki kwa watumiaji wa nyumbani. Kwa macho ya Stockholm alikuwa anatimiza wajibu wake, na kwa macho ya Copenhagen alikuwa anawahamishia wengine msongamano wa nyumbani kwake. Mdhibiti wa Denmark hakuwa na amri juu ya gridi ya Sweden. Suala lilikwenda Tume ya Ulaya kama kesi ya ushindani, mwendeshaji akatoa ahadi zilizofanywa za lazima mwaka 2010, na Novemba 2011 Sweden ikagawanywa katika kanda nne za bei. Hakuna aliyevunja sheria ya nchi yake katika kisa hicho, na ndiyo sababu kinanivutia kuliko cha California.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze upande wa usalama wa gridi, kwa sababu wachumi hupenda kuzungumzia bei na kusahau kwamba umeme hautii mkataba. Mwuzaji wa Ufaransa akimwuzia mnunuzi wa Italia, umeme haufuati mstari ulioandikwa katika karatasi zao. Unagawanyika katika kila njia iliyo wazi, na sehemu kubwa itapita Uswisi hata kama Mswisi hakuhusishwa.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 28 Septemba 2003, Italia ilikuwa inaingiza zaidi ya megawati 6,000 kutoka kwa majirani zake. Saa 9:01 usiku laini ya Lukmanier iliyoko Uswisi, ikiwa imelemewa na kulegea, ilitoa cheche kwenye mti na kujikata. Mzigo wake ukahamia laini nyingine, ambayo ingeweza kuvumilia hali hiyo kwa takriban robo saa tu. Saa 9:11 waendeshaji wa Uswisi waliwapigia simu wenzao wa Italia kuwaomba wapunguze uingizaji kwa megawati 300. Ombi lilitekelezwa saa 9:21, na halikutosha. Saa 9:25 laini ya pili nayo ikajikata, na ndani ya sekunde chache laini zote zilizobaki za kuingia Italia zikafuata. Dakika mbili na nusu baadaye Italia yote ilikuwa gizani, isipokuwa kisiwa cha Sardinia, na watu wapatao milioni 56 waliathirika.

Wakati huo Uswisi, nchi iliyokuwa katikati ya biashara hiyo yote, haikuwa na mdhibiti huru wa umeme. Wapigakura wake walikuwa wameikataa sheria ya soko la umeme Septemba 2002, na mdhibiti wao wa sasa, ElCom, alikuja kwa sheria ya mwaka 2007. Biashara ilikuwa imekwisha kufunguliwa pande zote za milima, na uratibu ulitegemea simu ya usiku na hiari ya aliyeipokea. Jambo hili liwekwe katika mizani kila tunaposema "tuunganishe gridi kwanza, kanuni zitakuja".

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta mada, mimi nina swali la mwananchi wa kawaida. Nchi yenye umeme wa bei nafuu ikifungua mpaka, bei yake si itapanda? Kwa nini mwananchi wake akubali?

Mleta mada

Itapanda, na anayekuambia vinginevyo anakuficha. Katika ule mfano wangu wa namba, jirani alikuwa anauza kwa dola 30, na kadiri anavyouza zaidi nje ndivyo anavyolazimika kuwasha mitambo ya bei ya juu kwa ajili ya watu wake. Jumla ya faida ya nchi mbili ni kubwa kuliko hasara, lakini faida humwangukia mzalishaji wa nchi inayouza na mtumiaji wa nchi inayonunua. Mtumiaji wa nchi inayouza anabaki na ankara.

Norwe imelipitia hili hadharani. Mwaka 2021 nyaya mbili za chini ya bahari, kila moja yenye uwezo wa megawati 1,400, zilianza kazi, moja kwenda Ujerumani na nyingine Uingereza. Gesi ilipopanda bei Ulaya, kanda za kusini mwa Norwe zilipanda nazo, ilhali kanda za kaskazini, ambazo laini za ndani haziziunganishi vizuri na kusini, zilibaki na bei ya chini sana. Kuanzia Desemba 2021 serikali ililazimika kubeba sehemu kubwa ya bei ya kaya inayozidi kiwango fulani. Iliweza, kwa sababu mabwawa ni mali ya umma na fedha za bei ya juu zilikuwa zinaingia katika hazina na halmashauri. Hata hivyo ugomvi haukuisha: Januari 2025 chama kimoja kilijitoa katika serikali ya mseto kwa sababu ya mabishano kuhusu kanuni za nishati za Umoja wa Ulaya.

Maoni yangu ni kwamba nchi inayotarajia kuwa mwuzaji iamue kabla ya kufungua mpaka ni nani atamiliki mapato ya mauzo na yatamrudiaje mtumiaji. Ikiwa mzalishaji ni mwekezaji anayepeleka faida yake nje, suluhisho la Norwe halitakuwepo, na hasira itamwangukia mdhibiti ambaye hakupewa hata senti ya kuipoza.

Mchangiaji wa nne

Mimi napinga msingi wa hoja. Mnataka mdhibiti wa kikanda mwenye meno, lakini meno hayo yatamng'ata nani? Yatailazimisha nchi yangu kupitisha umeme wa watu wengine wakati wananchi wake wako kwenye mgao. Hakuna bunge litakaloukubali mpango huo likiwa limeuelewa. Angalieni Amerika ya Kati. Nchi sita zilitia saini mkataba mwaka 1996, zikaunda mdhibiti wa kikanda anayeitwa CRIE na mwendeshaji wa kikanda anayeitwa EOR, zikajenga laini ya kilomita zipatazo 1,800 kutoka Guatemala hadi Panama, kipande cha mwisho kikakamilika mwaka 2014. Mwaka 2021 Guatemala, ambayo ndiyo mwuzaji mkubwa, ikatangaza kwamba inajitoa.

Mleta mada

Mkuu, mfano wako ni mzuri, na naomba niutumie kwa upande wangu pia. Kilichofanyika Amerika ya Kati ni kuunda soko la saba juu ya masoko sita ya taifa, bila kuyafuta yale sita. CRIE haina neno juu ya bei anayolipa mwananchi wa San Salvador. Ina neno juu ya biashara inayovuka mpaka, ada ya kuipitisha, na adhabu kwa anayekiuka kanuni hizo. Na kujitoa kwa Guatemala kunachukua miaka kumi kwa mujibu wa mkataba wenyewe, muda ambao unampa nafasi aliyewekeza katika laini asidhulumiwe kwa uamuzi wa asubuhi moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya mkataba. Udhaifu wao mkubwa umekuwa kwingine: laini ya kikanda ilijengwa kubeba megawati 300, lakini laini za taifa zinazoilisha zilikuwa dhaifu, na mara nyingi uwezo wa kweli ulikuwa chini ya hapo. CRIE haikuwa na njia rahisi ya kuilazimisha serikali iimarishe nyaya zake za ndani.

Kuhusu mgao, una haki ya kuogopa. Sioni ubaya kanuni ikisema wazi kwamba wakati wa dharura mwendeshaji wa gridi anaweza kupunguza umeme unaopita, ilimradi dharura iwe imefafanuliwa kwa vipimo, itangazwe papo hapo, na wanaopita wapunguziwe kwa uwiano ule ule na wa ndani. Kisichovumilika ni mwendeshaji kuita "dharura" kila bei inapompendeza.

Ulaya yenyewe haikuanza na mdhibiti mwenye meno. Agizo la kwanza la kufungua soko lilitoka mwaka 1996, la pili mwaka 2003, na wateja wote walipewa haki ya kuchagua mwuzaji kuanzia Julai 2007. Shirika la kuratibu wadhibiti, ACER, lenye makao Ljubljana, lilianza kazi mwaka 2011, yaani miaka 15 baada ya agizo la kwanza. Hata sasa ACER huamua pale tu wadhibiti wa taifa wanaposhindwa kuelewana au suala linapowavuka. Katikati ya safari hiyo wenye nyaya walikuwa bado ni wauzaji, na ilibidi kampuni kama E.ON ya Ujerumani ibanwe kwa sheria ya ushindani mwaka 2008 mpaka ikaahidi kuuza gridi yake ya msongo mkubwa.

Mchangiaji wa tano

Turudi kwetu Afrika. Tunayo miungano ya kuuziana umeme, SAPP ya kusini tangu 1995 na EAPP ya mashariki tangu 2005. Je, hizo ni masoko au ni vikao vya mashirika ya umeme?

Mleta mada

SAPP, yenye kituo chake cha uratibu Harare, ni soko kweli, ingawa dogo. Ilianza na biashara ya muda mfupi mwaka 2001 na mnada wa siku moja kabla mwaka 2009. Lakini umeme mwingi unaovuka mipaka ya kusini umeendelea kwa miaka mingi kupitia mikataba ya mashirika mawili mawili, na mikataba hiyo hupewa nafasi ya kwanza kwenye laini. Mnada hupata kinachobaki, na mara nyingi mwuzaji na mnunuzi walikubaliana bei kisha wakakuta laini imejaa. Upande wa udhibiti, chama cha wadhibiti wa ukanda huo, RERA, kilianzishwa mwaka 2002 kikiwa chombo cha kushauriana na kuandaa miongozo, bila nguvu ya kumwamuru mwenye laini.

Mashariki tuna nyaya mpya kuliko kanuni. Laini ya mkondo wa moja kwa moja kutoka Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye urefu unaozidi kilomita 1,000 na uwezo wa megawati 2,000, ilianza biashara Novemba 2022 kwa mkataba wa miaka 25 wa mwuzaji mmoja na mnunuzi mmoja, ukianza na megawati 200. Laini ya kilovoti 400 kutoka Isinya hadi Singida imewashwa, na mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wengi walikasirika: iweje nchi yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 iagize umeme? Jibu liko katika umbali. Bwawa liko Rufiji na mtumiaji yuko Kilimanjaro, na sehemu ya umeme hupotea njiani. Biashara ya umeme inaangalia umbali na upotevu, na mstari wa mpaka hauingii katika hesabu hiyo isipokuwa kwa ada. Ningeshauri hasira hiyo ielekezwe kwenye maswali mengine: ada ya kupitisha Kenya imekokotolewaje, nani anabeba upotevu wa njiani, na umeme usipofika, nani anamlipa nani.

Maswali hayo ni magumu kwa sababu ya muundo wa mashirika yetu. TANESCO inazalisha, inasafirisha na kusambaza chini ya paa moja, ijapokuwa ramani ya mageuzi ya mwaka 2014 ilipanga kuzitenganisha shughuli hizo hatua kwa hatua hadi 2025. Kenya ilitenganisha uzalishaji na usambazaji miaka ya 1990 na kuunda kampuni ya usafirishaji, KETRACO, mwaka 2008 kwa ajili ya laini mpya, na Sheria ya Nishati ya 2019 imefungua mlango wa wauzaji wengine, lakini kwa miaka mingi Kenya Power imekuwa mwuzaji na pia mwenye chumba cha kuamua mtambo upi uwashwe. Mpita njia anamwomba mshindani wake ruhusa ya kupita.

Mchangiaji wa kwanza

Na mikataba ya zamani ya wazalishaji binafsi? Shirika limefungwa kwa miaka 20 kulipia uwezo wa mtambo hata usipowashwa, tena kwa dola. Ukifungua soko, viwanda vikubwa vitaondoka kwenda kununua kwingine na mzigo utabaki kwa kaya.

Mleta mada

Hilo ndilo jambo ambalo lingenifanya nichelewe kufungua rejareja kuliko lingine lolote. California waliweka tozo ya mpito kwa kila mteja, aliyebaki na aliyeondoka, ili kulipia gharama za zamani, na wazo lenyewe lilikuwa sahihi hata kama mengine yaliharibika. Afrika Kusini, ambayo sheria yake mpya ilianza kutumika Januari 2025 baada ya kampuni ya usafirishaji kutengwa ndani ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, mwaka 2024, imejipa kipindi cha mpito kabla soko halijakamilika, na madeni ya zamani yatakuwa sehemu nzito ya kipindi hicho. Kwa ukanda wetu ningeanza na soko la jumla la mpakani kati ya mashirika yenyewe, ambapo kila moja linauza ziada yake na kununua pungufu yake saa kwa saa. Hapo hakuna mteja anayeondoka, na mikataba ya zamani haiguswi, ila mtambo wa dizeli hauwashwi usiku ambao jirani ana maji yanayomwagika bure. Sharti ni dhamana ya fedha iwekwe kabla ya kununua, kwa sababu shirika lililozoea kuwa na madeni kwa wazalishaji wake litakuwa na madeni kwa jirani pia.

Kuhusu mdhibiti wa pamoja, Umoja wa Afrika ulizindua mpango wa Soko Moja la Umeme la Afrika mwaka 2021, na laini ya Tanzania na Zambia inajengwa ili kuziunganisha gridi za mashariki na kusini. Laini itakamilika kabla ya chombo cha udhibiti wa pamoja, nina hakika na hilo. Kwa kipindi hicho cha katikati, kinga iliyopo ni mikataba ya kupitisha umeme yenyewe. Iandikwe ada na kanuni ya kuikokotoa upya, bei ya umeme uliochukuliwa zaidi au pungufu ya ratiba, vipimo vya dharura vinavyomruhusu mwendeshaji kukata, na baraza la usuluhishi lililo nje ya nchi zote tatu zinazohusika, yaani ya mwuzaji, ya mpitishaji na ya mnunuzi. Na vifungu hivyo vichapishwe na wadhibiti wa pande zote, kwa sababu mfanyabiashara wa nne anayetaka kupita laini hiyo hiyo hawezi kudai masharti sawa na yale ambayo hajawahi kuyaona.